Cheti Kiko Ukutani, Mwenye Cheti Yuko Wapi?

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata ya Kashaulili, Manispaa ya Mpanda. Nimeiandika kama nilivyoisema, nimepunguza tu makelele.)

Nyie mliosimama dirishani kwa kukosa viti! Sogeeni, sauti yangu ndogo na umeme hatuna.

Katibu aliponipigia simu aliniambia nije na mada mbili. Ya kwanza usalama wa dawa, maana akina mama walilalamika kwenye kikao kilichopita. Ya pili nafasi za kazi kwa wahitimu wa afya wanaotaka kusafiri, maana vijana wanauliza habari za Oman, za Saudia, za Uingereza. Akanipa dakika ishirini kila moja. Nimekaa nazo wiki nzima nikaona ni mada moja, kwa hiyo nitachukua dakika arobaini bila mapumziko. Mnivumilie.

Leo mkitoka hapa, ingieni duka lolote la dawa hapa mjini. Siwatumi kwa mtu fulani, ingieni lolote. Kabla hujaomba Panadol, inua macho ukutani. Utaona fremu, ndani yake cheti na jina la mtaalamu anayesimamia duka. Sasa shusha macho, muangalie aliyesimama nyuma ya kaunta. Muulize kwa adabu tu, "Dada, huyu wa kwenye cheti ndiye wewe?" Mara nyingine atasema ndiye, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Mara nyingine atakwambia mwenyewe yuko masomoni. Rudi baada ya mwaka, bado yuko masomoni. Hiyo digrii gani isiyoisha?

Kuna jina la mtaani la jambo hili, na wote mnalijua: kukodisha cheti. Kijana amesoma famasi, amepata usajili, hana kazi. Mwenye duka ana mtaji, hana mtaalamu. Wanakutana kwenye simu. Cheti kinasafiri kwa basi kutoka Dar au Mbeya, kinafika Mpanda, kinatundikwa. Mwenye cheti mwenyewe hajawahi kuiona Mpanda hata kwenye ramani. Kila mwezi anatumiwa kitu kidogo kwenye simu. Na nyuma ya kaunta anawekwa binamu aliyemaliza kidato cha nne, mtoto mzuri, mwaminifu wa hela, ambaye dawa anazijua kwa rangi ya boksi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, Sura ya 311, ndiyo inayosimamia jambo hili, na ndiyo iliyoweka Baraza la Famasi. Biashara ya dawa inatakiwa iwe chini ya mtu aliyesajiliwa, na maana yake ni mtu anayefanya kazi hiyo, mwenye mikono na macho. Karatasi haiwezi kukuuliza kama una mimba. Haiwezi kukuuliza kama unatumia dawa za presha. Baraza lenyewe limelipigia kelele suala hili mara nyingi, kwa hiyo sisemi siri ya chama.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana sisi wapinzani tukizoea kusema kila kitu kibovu, siku tukisema la kweli hatusikilizwi. Kuna mambo nchi hii imeyafanya vizuri kwenye dawa. Haya maduka ya dawa muhimu mnayoyaona, yale ya vijijini, yalianza kwa majaribio mkoa wa Ruvuma mwaka 2003. Kabla ya hapo tulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo mengi yalikuwa yanauza kila kitu bila ruhusa na bila mafunzo. Wazo la Ruvuma lilikuwa la akili: badala ya kuwafungia wakati kijijini hakuna famasi, wafundishe watoa dawa, wape orodha ya dawa wanazoruhusiwa, wakague. Nchi nyingine zikaja kujifunza kwetu. Na mdhibiti wetu, iliyokuwa TFDA na sasa TMDA tangu Julai 2019, ndiye wa kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la Shirika la Afya Duniani, Desemba 2018. Daraja hilo ni la kuwa na mfumo imara wa udhibiti. Sifa hiyo tuwape.

Lakini mfumo imara Dodoma ni kitu kimoja. Kaunta ya Inyonga, ya Majimoto, ya Karema, ni kitu kingine.

Twende kwenye kaunta basi. Mtu amepewa dawa ya mseto ya malaria, zimefungwa kwenye kipakiti, juu imeandikwa "4x2". Wewe uliyesoma unaelewa. Bibi yako anaelewa nini? Mseto ina utaratibu wake: dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni, na umeze baada ya kula, hasa chakula chenye mafuta kidogo. Hiyo "4x2" haisemi lolote kati ya hayo. Matokeo yake mtu anameza dozi ya kwanza usiku, ya pili kesho yake mchana, siku ya pili anajisikia nafuu, zilizobaki anawawekea watoto. Malaria inarudi, anasema dawa ni feki. Inawezekana dawa ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni maneno matatu ya mtu anayejua.

Halafu kuna hili la saa. Mnalicheka lakini linaumiza watu. Karatasi imeandikwa kwa Kizungu, 8 asubuhi na 8 usiku. Kwetu saa nane ni mchana wa jua kali, au usiku wa manane. Jirani yetu mmoja mtaani, mama mtu mzima, alikuwa anaamka usiku wa manane wiki nzima kumeza kidonge cha presha, anaweka na alamu, kwa sababu aliandikiwa 8. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo 8 ni saa mbili. Alishukuru kwa huduma, maana alidhani ndivyo dawa kali zinavyotumika.

Na mkoa wetu huu si wa lugha moja. Tuna Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa. Tuna Wasukuma waliokuja na mifugo, baadhi ya wazee wao Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi tu. Tuna ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na wengi wao wakapewa uraia miaka zaidi ya arobaini baadaye. Mtu wa hivyo anakuja na mtoto ana homa, aliyeko kaunta hajafundishwa kuuliza, mteja hajui kujieleza. Wanamalizana kwa ishara ya vidole.

Sindano ndiyo usiseme. Duka la dawa halina ruhusa ya kuchoma sindano, wala kupima mtu na kumlaza kwenye kitanda cha nyuma ya pazia. Wote tunajua mapazia yalipo. Nikisema hivi baadhi yenu mnaangalia chini, kuna mtu hapa shangazi yake ana pazia, nisamehe kamanda. Watu wanapenda sindano, wanaamini dawa isiyouma haiponyi. Lakini sindano ya antibayotiki aliyochomwa mtu mwenye mafua haimsaidii kitu, na inawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Siku akiwa na ugonjwa wa kweli dawa ile ile itagoma. Wizara inaita usugu wa vimelea, na duniani kwa mwaka 2019 pekee watafiti walikadiria vifo milioni 1.27 vilivyotokana moja kwa moja na usugu huo wa bakteria. Watu hao hawakufa kwa kukosa dawa duniani. Dawa zilikuwepo, zimechoka.

Mtaniambia, "Dada wakili, shida ni dawa feki." Zipo. Mwaka 2012 kule Tarime, mkoa wa Mara, ziligundulika dawa bandia za kupunguza makali ya VVU, aina ya TT-VIR 30, ndani ya hospitali ya wilaya, ya serikali. Fikiria mtu aliyejitangaza, akashinda unyanyapaa, akajipanga foleni kila mwezi, kumbe anakunywa kisichomsaidia. Likawa sakata la kitaifa. Lakini kwa dawa feki moja inayotangazwa redioni kuna dawa nzima ngapi zinazotolewa vibaya kimya kimya? Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya dawa bila madhara, mwaka 2017, lilikadiria kwamba makosa ya utumiaji wa dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Makosa, siyo dawa feki. Dozi isiyo sahihi, dawa mbili zinazogombana tumboni, maelezo yasiyotolewa.

Sasa kijana aliyesomea kuyazuia makosa hayo yuko wapi? Yuko hapa. Yuko dirishani pale.

Naomba mnyooshe mikono. Waliosoma uuguzi, utabibu, famasi, maabara, ambao hawana ajira ya kudumu. (Walinyoosha kumi na mmoja. Kwenye kikao cha kata moja.) Shusheni. Asanteni.

Waziri wa Afya akisimama bungeni, huwa anataja upungufu wa watumishi, na si mdogo. Nenda zahanati nyingi za vijijini, dawa inatolewa na mhudumu wa afya, yule ambaye kazi yake kwa mujibu wa mafunzo ni kusaidia, na wakati mwingine yuko peke yake zamu nzima: anasafisha, anapima, anazalisha, anagawa dawa. Simlaumu hata kidogo, huyo mama ni shujaa. Nalaumu hesabu. Nchi inasema haina watumishi, na watumishi wanasema hawana nchi ya kuwaajiri.

Hili halijaanza jana. Mnakumbuka mwaka 2017, madaktari wa Kenya walipotoka kwenye mgomo wa siku mia moja? Machi mwaka ule Rais Magufuli alikubali kuwapelekea Kenya madaktari 500. Mia tano! Kutoka nchi ambayo zahanati zake zinaendeshwa na wahudumu. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia. Ndipo Aprili rais akaagiza wale 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa nyumbani. Mimi nilikuwa bado shule, lakini nakumbuka watu walivyoshangilia. Leo nikiisoma habari ile najiuliza jambo moja tu. Kama nafasi za watu 258 zilipatikana ndani ya wiki chache, zilikuwa wapi kabla Wakenya hawajagoma?

Na mwezi ule ule wa Aprili 2017 yalitoka matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watu 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sitetei kughushi. Ninachosema, serikali ikiamua kukagua cheti inaweza. Na makamanda, Novemba 2024 mlikuwepo. Fomu zetu za serikali za mitaa zilikaguliwa herufi kwa herufi. Mtu anaenguliwa kwa neno kwenye fomu, kwa muhuri, kwa jina la katikati. Laiti cheti cha ukutani kingekaguliwa kwa bidii ile ya Novemba, hakuna mgonjwa Katavi angepewa dawa na binamu.

Turudi kwa mwenye cheti. Rafiki yangu, tulisoma wote sekondari, amesoma famasi ngazi ya stashahada. Miaka mitatu chuoni, mzazi ameuza ng'ombe. Amemaliza, akajitolea kwenye kituo kimoja karibu mwaka mzima, nauli yake, chakula chake, hakupewa hata barua. Sasa anapigiwa simu: kodisha cheti, laki moja na nusu kwa mwezi, huji, hufanyi lolote. Akaniuliza mimi kwa vile nasoma sheria, nifanyeje? Unamjibu nini mtu huyo? Kumwambia "ni kosa" ni rahisi, maana mimi nakula mkopo wa bodi.

Nilimjibu hivi, na ndiyo sehemu ya mada inayohusu kusafiri. Nilimwambia, hicho cheti ndicho pasipoti yako. Siku ukiomba kazi Saudia, Qatar, Imarati, Oman, kabla hawajakujibu wanathibitisha vyeti vyako kutoka chanzo, yaani chuo kilichokupa na baraza lililokusajili. Wanataka na barua kutoka baraza lako inayosema una mwenendo mzuri kitaaluma, hujawahi kufungiwa. Sasa duka lile la Mpanda likikaguliwa likakutwa na madudu, jina lililoko ukutani ni la nani? Mwenye duka atafungua jingine kwa jina la mke wake. Wewe ndiye utakayekwenda kujieleza baraza. Na mtoto akidhurika, Kanuni ya Adhabu inazungumzia uzembe wa kutoa dawa, na wewe utakuwa na kazi ya kueleza kwa nini ulikuwa msimamizi wa mahali usipopajua hata choo kiko wapi. Laki moja na nusu inanunua vitu vingi, lakini hainunui usajili uliofutwa.

Hakukodisha. Hana kazi mpaka leo pia. Sitaki niwadanganye kwamba ukifanya jema unapewa zawadi Jumatatu.

Kwa wanaotaka kwenda nje, nitasema machache ninayoyajua, maana matapeli ni wengi na wanakuja mpaka huku kwetu, wanajua Katavi taarifa zinachelewa.

Uingereza kwanza. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Iliyotoka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Uingereza inaifuata orodha hiyo kwenye kanuni zake za maadili: waajiri na mawakala wao hawatakiwi kuja kuwasaka watumishi kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba kazi, kwa hiari yako, ukiona tangazo, hukatazwi. Kwa hiyo mtu akikukuta stendi ya Mpanda na kizibao, anasema ametumwa na hospitali za Uingereza kusajili wauguzi, leta laki tatu ya fomu, jua hapo kuna jambo. Ama anadanganya, ama anavunja kanuni za hao hao anaosema wamemtuma. Wakenya wana mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi tangu 2021, ndiyo maana unaona Mkenya anaondoka na makaratasi yamenyooka. Usichanganye njia yake na yako.

Kwa Ghuba, wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya serikali, na serikali ina ofisi ya huduma za ajira, ambako unaweza kuuliza kama kampuni hiyo inafahamika. Uliza kabla ya kutoa pasipoti. Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hivyo, kwa anayekwenda kufanya kazi ndani au nje ya nchi. Usome wewe, au uniletee mimi na wenzangu tuusome bure, tukiwa likizo tupo. Angalia kada iliyoandikwa humo. Kuna dada zetu waliosoma uuguzi wakaenda wakidhani ni hospitali, mkataba umeandikwa mfanyakazi wa ndani. Ukishasaini hiyo, stashahada yako imebaki Tanzania.

Na wanataka uzoefu. Hapa ndipo kujitolea bila barua kunapouma. Ukijitolea mahali, dai barua ya kuanza na barua ya kumaliza, yenye tarehe, idara na kazi ulizofanya. Hawakulipi, sawa, lakini wino hauuzwi. Wanaopiga deiwaka kwenye zahanati binafsi, zamu mbili huku tatu kule, andikeni kila zamu kwenye daftari. Na mjue sheria ya nchi hii inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Anayekupiga zamu saa kumi na sita mfululizo anakuibia, na tena anamhatarisha mgonjwa, maana mtu aliyechoka anasoma "mg" kama "ml".

Kuna kusafiri kwingine tusikosahau, kusafiri kwa ndani. Mwaka 2024 serikali ilianza kuwapeleka madaktari bingwa kwenye halmashauri zote 184, kambi ya siku kadhaa, mabango, picha ya Rais. Watu wametibiwa, na nimewaona waliofunguliwa macho kwa maana halisi. Kama chama tusibeze. Ila tuulize swali la siku ya sita. Bingwa amekuandikia dawa tatu mpya za presha na sukari, amepanda gari amekwenda Rukwa. Ukipata kizunguzungu, unamuuliza nani? Dawa zikiisha, zipo kwenye zahanati yako? Nani anaangalia kwamba ile ya zamani uliambiwa uache? Huduma ya mkoba ni nzuri pale inapomkuta mtaalamu wa kudumu ampokeze daftari. Ikimkuta binamu, tumepiga picha tu.

Na wale wanaopangiwa huku kutoka mikoa mingine, mnawafahamu. Anaripoti, anaangalia nyumba ya mtumishi haina dari, anauliza mtandao unashika wapi, anapokea pesa ya kujikimu, mwezi wa nne anaomba uhamisho kwa kumfuata mwenza. Simchukii. Mtu wa Moshi hakuzaliwa kuipenda Mishamo. Lakini aliyezaliwa Katumba, anayejua Kirundi, ambaye mama yake yupo pale, amesoma uuguzi, yupo Kashaulili anauza vocha. Huyo ndiye angekaa. Huyo ndiye angemwambia bibi kwa lugha yake kwamba 8 ni saa mbili.

Kwa hiyo tunataka nini? Mimi sipendi kikao kinachoisha kwa kulaani, tukatawanyika.

Halmashauri zina mapato ya ndani na zinaajiri watumishi wa mkataba. Tunataka bajeti ijayo ya Manispaa ioneshe ni nafasi ngapi za mkataba za watoa dawa na wauguzi zimetengwa, na kwa zahanati zipi. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, raia anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Twendeni, hata kama hatuna diwani wa kutusemea. Watu thelathini waliokaa kimya nyuma na madaftari ni maneno tosha. Na kwenye mikutano ya mtaa uliza swali moja lisilo la chama chochote: zahanati yetu dawa anatoa nani, na amesomea nini? Mwenyekiti wa mtaa hata kama ni wa kijani naye ana mama anayemeza dawa za presha.

Kwa wenye maduka, na humu mmo, msituone maadui. Mtoa dawa aliyesoma anauliza mshahara na kijijini hapatikani kirahisi, najua. Ninachowaomba, hiyo pesa mnayomtumia mwenye cheti asiyekuja, ongezeni kidogo mkae mezani na hawa kumi na mmoja. Yupo mtu hapa atakayekuja na cheti chake na miguu yake. Tuandike mkataba wa kazi, mimi nitauandika bila malipo, ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Katiba ibara ya 14 inatupa haki ya kuishi, ibara ya 22 inatupa haki ya kufanya kazi. Chuoni tunazisoma wiki tofauti. Kwenye kaunta ya duka la dawa zimesimama pamoja.

Akina mama, ukipata madhara ya dawa, vipele, kuvimba, kizunguzungu kisichoeleweka, usiitupe pakiti. Rudi nayo kituoni, mwambie mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA. Ipo kwa ajili hiyo. Akikwambia haijui, hiyo nayo ni taarifa, tuletee. Muulize mtoa dawa mambo manne kabla hujalipa: dawa hii ni ya nini, naimeza saa ngapi kwa saa za kwetu, naimeza kwa siku ngapi, na nisichanganye na nini. Akikasirika, ondoka na hela yako.

Katibu ana karatasi pale mlangoni. Waliosoma afya waandike jina, kada, mwaka waliomaliza, namba ya usajili na kata. Namba ya simu iwe yako, siyo ya jirani. Ambaye cheti chake kiko ukutani mahali asipofanya kazi, huyo asiandike chochote. Anifuate pembeni tukae, tuandike barua ya kukiondoa, na tukifanye leo kabla basi la Tabora halijaondoka.

Maswali. Tuanze na yule mama mwenye kitenge cha bluu, alinyoosha mkono tangu kwenye habari ya sindano.